Fimbo Iliyorudi Juu

Kaka yangu alimpiga mjomba wa bibi harusi fimbo ya uso, kule Endabash, mbele ya kamera yangu, na jicho la mzee wa watu likaharibika palepale. Naanza na hilo kwa sababu sipendi kuzungukazunguka. Damu ilirukia kitambaa cha meza ya keki. Viti vya plastiki vikaanza kuruka, wanawake wakapiga mayowe, nami narekodi tu. Kurekodi harusi ndiyo ilikuwa kazi yangu pale Karatu, miaka ile DVD ndiyo kwanza zinaingia.

Asubuhi ya siku hiyo wawili hao walikuwa wametukanana kwa ajili ya dume la ng'ombe la mahari. Baada ya ugomvi kaka akaapa kwamba mzee alimjia na kisu, naye akajihami kwa pigo moja tu. Wazee wa pande zote mbili wakakaa, wakakubaliana: kama ni pigo moja la kujihami, atalipa ng'ombe, yaishe. Lakini kama alimrudia mtu aliyekwisha kuumia, hakuna usuluhishi. Watoto wa mzee walisema wazi kwamba hapo watalitoa jicho la kaka kwa mikono yao.

Sasa sikia alichofanya bosi wangu, mwenye studio. Mimi nilikuwa nimekwenda Wasso kurekodi ubatizo, yeye akaamua kuihariri harusi mwenyewe. Harusi ya Karatu wakati ule bila mwendo wa polepole haikuwa harusi: keki polepole, shampeni polepole, hata shangazi akitafuna wali, polepole. Bwana yule akaupunguza kasi na ugomvi! Eti watu watapenda. Mjinga kabisa.

Tena akakosea mpangilio. Kamera zile zilichukua kila picha kwa nusu mbili: kwanza mstari mmoja unachukuliwa, unaofuata unarukwa, halafu, kufumba na kufumbua, ile mistari iliyorukwa. Ukiiambia kompyuta ianze na nusu isiyo ya kwanza, televisheni itaonyesha la baadaye, kisha irudi kwenye la mwanzo. Kwa mwendo wa polepole, mkono unashuka, unapanda, unashuka tena. Kwenye kompyuta yenyewe huoni kitu, isipokuwa vijistari pembeni mwa vinavyotembea, kama meno ya kitana. Bosi aliviona, akasema ni vumbi la kwenye mkanda.

Nilishuka kwenye basi la Wasso nikiwa mweupe kwa vumbi, nikakuta watu wamejaa uani kwa studio. Kaka alikuwa chini. Watoto wa mzee walikuwa wameiona DVD nyumbani kwao, wakamtoa sokoni wakimburuta kwa kola ya shati. Mdomo umepasuka, jino moja limelala kwenye mchanga. Mkubwa wao alikuwa amemkalia kifuani, kisu mkononi.

"Moja? Ulisema moja?" alifoka. "Tumekuona ukishusha, ukinyanyua, ukishusha!"

Nikajitosa katikati. Kiwiko cha mtu kikanipata puani, damu ikanijaa mdomoni, nikapiga kelele hata hivyo. "Hiyo picha ni mbovu! Ninao mkanda wenyewe! Mtoboeni baada ya kuuona, si kabla!"

Mzee alikuwa ameketi kwenye pikapu, kitambaa cheupe kimefunika nusu ya uso. Akasema, "Mwacheni binti aonyeshe." Nilimpenda mzee yule kwa neno hilo.

Tukaingia studio, mzee naye, nikatia mkanda kwenye kamera na kuchomeka waya moja kwa moja hadi televisheni, bila kompyuta, bila bosi. Nikabonyeza. Watu wakasogea mpaka nikahisi pumzi zao shingoni. Fimbo ikapanda. Ikashuka. Mzee akaanguka, na fimbo haikuinuka tena. Nikarudisha nyuma, nikaonyesha tena na tena. Pigo moja.

"Mmeona?" nilisema. "Mmeona sasa?" Nilikuwa nalia kwa furaha, Mungu wangu, nikijua nimemwokoa ndugu yangu. Mkubwa akarudisha kisu alani. Wengine wakaanza kuangalia chini.

Mzee peke yake hakuondoa jicho lake kwenye kioo cha televisheni. "Irudishe kidogo," aliniambia. "Pale kabla."

Nikairudisha. Kwenye DVD ya bosi, niliyoitazama baadaye, mkono wa mzee ulikuwa unatikisika na kitu kinachometameta, ungeweza kuapa ni kisu. Kwenye mkanda picha ilikuwa imetulia. Ilikuwa soda. Mzee alikuwa anamletea kaka soda, chupa imeshafunguliwa, mkono wa pili umenyooshwa kumsalimia. Na kaka alikuwa anaitazama ile chupa kabisa, kabla hajainua fimbo.

Kaka alikuwa amejiegemeza mlangoni, akiufuta mdomo wake.

"Ulisema kisu," nilimwambia.

"Dada, nilikuwa na hasira ya asubuhi."

Nikamzaba kofi. Halafu nikamzaba la pili, naye amekwisha kuinama, na hakuna aliyenishika.