Waya Mwekundu Kwenye Msalaba

Risasi ya kulehemu ikiyeyuka hutoa moshi mwembamba unaonukia utomvu wa msonobari, na kila ninapoupata moshi huo, hata kwenye kibanda cha fundi simu mjini, nasikia mvua ya kwetu Kawetele ikipiga bati. Babu mzaa baba alitengeneza redio barazani kwake, akipasha moto chuma chake cha kulehemu kwenye jiko la mkaa, kwa sababu umeme wa nguzo ulikuwa haujatufikia. Jina lake lilikuwa Jumbe. Mama hakulitamka hata mara moja. Kwa desturi yetu Wanyakyusa, mwanamke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, hasemi naye, hataji jina lake, na mama, aliyelelewa Kisiba na bibi mkali, aliishika desturi hiyo mpaka kwenye maneno yanayofanana na jina lenyewe. Jumapili aliiita siku ya kanisa na Jumamosi siku ya soko. Babu akipita kwenye njia ya migombani, mama alijificha nyuma ya majani mpaka hatua zipotee.

Masika ninayoyakumbuka yalikuwa ya kwanza baada ya baba kufariki. Alikuwa fundi ujenzi Dodoma, akarudishwa kwenye jeneza, na sauti yake ikabaki kwenye kaseti moja tu aliyomtumia mama kabla hajaugua. Mama aliisikiliza peke yake kwenye redio yetu ya kaseti iliyotumia betri ya gari. Betri ilipoisha nguvu, mjomba Gwakisa, mdogo wake mama, aliipeleka Kiwira kuchajiwa. Mwenye mashine ya kuchaji huko alizipaka betri za wateja alama za rangi zisichanganyike, na ya kwetu aliichora mistari miwili iliyokatana, mikubwa, myeupe, karibu kabisa na ncha ya hasi. Mjomba aliporudi alishika nyaya mbili za redio, akauliza kwa sauti ule mwekundu unakwenda wapi. Mama alikuwa jikoni akimenya ndizi. Mtu mwingine angesema kwenye jumlisha, ile alama ya chanya. Yeye alisema, "Mwekundu kwenye msalaba."

Mjomba alicheka. "Dada, ukoo huu umekunyima hata hesabu." Kisha akautazama msalaba alioona, ule mweupe, akafunga waya hapo. Kitu kikalia pa! ndani ya redio, harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba, na mpaka mjomba achomoe nyaya, redio ilikuwa imenyamaza na kaseti imo tumboni mwake. Mama alitoka na kisu mkononi. Hakumgombeza mtu. Alisimama akiitazama redio kama alivyolitazama lile jeneza.

Fundi wa karibu alikuwa babu. Nilibeba redio kwa kanga mgongoni, mama akanifuata mpaka migombani nyuma ya nyumba yake, akageuka mgongo na kubaki pale mvuani. Babu alijua yupo. Alianza kusema kwa sauti kubwa kuliko niliyohitaji mimi niliyekaa magotini pake. Alinionyesha kitu cheusi, kidogo kuliko punje ya mahindi, chenye mstari wa fedha upande mmoja, kimepasuka katikati. Ilikuwa daiodi. Kazi yake, alisema, ni kuuruhusu umeme upite kwenda upande mmoja na kuuzuia usirudi. Hii iliwekwa mlangoni mwa redio kwa makusudi, imegeuzwa, ili betri ikifungwa sawasawa yenyewe ikae tu bila kazi, na betri ikigeuzwa umeme wote ukimbilie kwake badala ya kuingia ndani. Halafu akagusa vidude vyenye miguu mitatu mitatu. Hizo zilikuwa transista. Sauti inayotoka kwenye utepe, alisema, ni umeme mdogo mno, hauwezi kutikisa spika. Unaingizwa kwenye mguu mmoja wa transista, nao huo mdogo unafungulia umeme mkubwa wa betri upite kwenye miguu mingine kwa kuufuatisha.

"Daiodi imeungua ili hizi zipone," alisema, akielekeza uso migombani. "Mwambie mama yako mzigo wake umepona."

Akang'oa daiodi nyingine kwenye redio mbovu, akaijaribu kwa mita: upande mmoja mshale uliruka, upande wa pili ukalala. Akailehemu, akafunga betri yake, akabonyeza kitufe. Baba akasema, "Mama Tumaini, hamjambo huko? Mvua imeanza?"

Mkono wa babu ulibaki hewani. Hakuwa na habari ya kaseti ile. Mama angemwambiaje, kwa mdomo upi? Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mama angekubali irudiwe. Nilikimbia migombani. Mama, uso umelowa, alitikisa kichwa kukubali.

Tangu hapo babu alikuja kila siku ya kanisa, akakaa kwenye kigogo nje ya ukuta wa jiko, na mama akaongeza sauti. Ukuta ulikuwa katikati yao. Lakini utepe wa kaseti ulilika kwa kusikilizwa. Baba alianza kusikika kama mtu anayeondoka, mvumo ukapanda juu yake. Nilimwomba babu aongeze transista. Alinijibu taratibu kwamba transista inakuza kinachoingia. Kisichoingia haiwezi kukitengeneza. Hatimaye ulibaki mvumo mtupu. Babu aliendelea kuja kuusikiliza, mpaka kifua kilipomlaza naye tukamzika kando ya baba.

Leo simu yangu ina transista nyingi kuliko majani ya chai ya Rungwe yote, na inatunza sauti za watu nisiowakumbuka hata sura. Ya baba haimo, ya babu haimo. Mwaka huu nilimrekodi mama akisimulia masika yale. Alisema siku ya soko, alisema siku ya kanisa, na alipofika kwa fundi aliyeitengeneza redio nikamwomba, sasa kwa kuwa amekwisha kufa, amtaje. Hapo kwenye rekodi pana kimya. Nikiwa peke yangu huongeza sauti mpaka mwisho, nikisubiri. Inayokuja ni mvua juu ya bati, na pumzi ya mama.