Mama wa Kofia Nyeupe Ukutani Masieda

Nilisafiri kwa sababu ya hasira, na sioni haya kusema hivyo. Binamu yangu Daudi alinitumia picha kwenye simu kutoka Masieda. Ukumbi mpya wa usharika ulikuwa umekamilika, na ukutani imetundikwa picha ya mama wa Kizungu mwenye kofia nyeupe ya lesi, kitabu mapajani, midomo ameibana. Chini yake pameandikwa: "Mama Mwanzilishi wa Darasa la Kusoma." Jumapili ukumbi ungewekwa wakfu kwa heshima yake.

Mimi ni mchoraji hapa Katesh. Naandika mabango ya maduka, na nikipata mteja nachora sura za watu. Yule mama nilimtambua palepale, maana yumo katika kitabu cha michoro nilichosomea chuoni. Alikuwa mke wa mfanyabiashara wa Marekani ya zamani, nchi yao ikiwa bado changa, akachorwa na fundi aliyezunguka vijijini akitafuta kazi. Alikufa kabla bibi yake bibi yangu hajazaliwa. Masieda hakuiona hata ndotoni! Aliyewafundisha wanawake wa Masieda kusoma, akiandika kwa mkaa kwenye mlango wa mbao, ni Bibi Yuditha, mama yake baba yangu. Na yu hai.

Ijumaa asubuhi nilipanda basi la Haydom. Mlima Hanang ulikuwa umejifunika mawingu, na vumbi la Basotu lilituingia mpaka masikioni. Jirani yangu kitini alikuwa mama aliyekuwa akimpelekea mumewe uji hospitalini huko, chupa ya chai ameipakata kama mtoto. Nikamwonyesha ile picha.

"Huyu si ndiye aliyeleta hospitali?" akauliza.

Nikacheka kwa uchungu. Kumbe Mzungu akitundikwa tu ukutani, lazima atakuwa ameleta kitu.

Kutoka Haydom nilichukua bodaboda hadi Tumati, ambako Bibi anaishi kwa baba mdogo tangu miguu ianze kumsumbua. Nilimkuta uani akichambua maharage.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umenuna hivyo? Nani kakuudhi?"

Nikampa simu. Aliitazama picha kwa muda mrefu, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu.

"Anaitwa nani huyu?"

"Kitabuni wameandika mke wa fulani tu, Bibi. Jina lake mwenyewe halijulikani."

"Lo! Basi naye wamemwonea," akasema, akarudi kwenye maharage yake. Mimi niliyetegemea akasirike pamoja nami nikaketi kumsaidia kuchambua.

Jumapili tulifika Masieda mapema. Bibi aliketi benchi la nyuma, shuka begani, na hakuna aliyemjua isipokuwa vikongwe wenzake wachache. Nikamwendea Mzee Anselmi, mzee wa usharika, nikamwamkia, kisha nikamuuliza picha ilitoka wapi.

"Ilikuja kwenye boksi la nguo za msaada," akasema. "Tulitafuta picha ya mwanzilishi, hatukupata. Hii ina kitabu, ina kofia. Tukaona, ah, huyu ndiye mwalimu."

"Mlimuuliza nani, mzee?"

"Binti, picha imeshazoeleka. Hata watoto wanaiamkia."

Alisema hivyo kwa fahari! Na ilikuwa kweli. Kwetu mtoto hapiti mbele ya mkubwa bila shikamoo, na watoto wa shule ya Jumapili waliambiwa yule ni bibi yao. Waliingia kwa mstari, wakasimama mbele ya ukuta, wakapaza sauti:

"Shikamoo, Bibi!"

Damu ilinichemka. Nilisimama nipige kelele, ibada au si ibada. Kabla sijafumbua mdomo, sauti ikatoka benchi la nyuma.

"Marahaba, wajukuu zangu."

Watoto wakageuka, wengine wamekodoa macho, maana hawakuwahi kuitikiwa. Bibi akaja mbele na fimbo yake, akayasoma maandishi ya chini ya picha kwa sauti, neno baada ya neno.

"Huyu mama hajawahi kufika hapa," akasema. "Niliyefundisha ni mimi."

Kikongwe mmoja wa kwaya akasimama. "Ni kweli. Jina langu nililiandika mara ya kwanza mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake."

Mzee Anselmi alijikuna kichwa, akasema kamati itakaa. Kamati! Kumtundika mgeni asiyejulikana hawakukaa, ila kumtambua mwenyeji aliye hai sharti wakae. Ninapoandika haya bado nina hasira. Lakini mchoraji hasafiri mikono mitupu: brashi na kopo la rangi vilikuwa mkobani, na jioni ileile niliyafuta yale maandishi, kamati ikiwa bado inatafuta siku.

"Msimtupe," Bibi akasisitiza. "Mwekeni pembeni, mwandike ni mama wa watu, yuko ugenini."

Jumatatu, kabla ya kurudi Katesh, nilimketisha uani Tumati nimchore. Nikampa kitabu cha kushika, akakikataa, akaenda jikoni kuchukua kipande cha mkaa.

Nilichojifunza ni hiki: sura isiyo na jina, kila mtu huitumia apendavyo, iwe ya Marekani au ya Tumati. Nilipoinua penseli nianze na macho, Bibi alinizuia.

"Anza na jina," akasema. "Macho yangu yatasubiri."

Nikaandika YUDITHA kwa herufi kubwa, kisha ndipo nikamtazama.