Ruzuku ya Paa la Mzee Sang

Kuna alasiri moja ya mvua ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa nyingine nyingi nimezisahau. Nilikuwa kwenye cherehani yangu pale Kapkatet, beseni likikinga maji yaliyodondoka kutoka kwenye paa, na kitambaa cha sare za shule nimekitupia begani kisilowe. Mvua yetu unaijua. Huja mchana karibu kila siku. Majani chai huipenda, mabati yaliyooza hayaipendi.

Wakati huo serikali ya kaunti ilikuwa bado changa, na mimi nilikuwa kijana wa kutosha kuamini kila tangazo. Asubuhi hiyo watu wa ofisi ya wadi walikuwa wamepita wakisema kuna ruzuku ya kuinua biashara ndogo na kukarabati majengo ya soko. Si mkopo, walisema, hailipwi. Kaunti ingeleta mabati, simiti, rangi na fundi. Sisi wenye biashara tungetoa mchanga, mawe na nguvu zetu. Kilichobaki ni mwenye jengo kutia sahihi kwamba amekubali.

Jengo letu lilikuwa na vyumba vitatu chini ya paa moja. Mimi nilishona nguo. Katikati, Kiprono aliuza nyama. Mwisho kabisa Mama Achieng', mwanamke wa makamo aliyenizidi umri sana, mzaliwa wa upande wa ziwa, alikuwa na hoteli yake ndogo ya chai na samaki. Sote tulikuwa wapangaji wa Mzee Sang, mkulima wa chai, mtu mpole ambaye hakuwahi kutupandishia kodi, wala kufunga mlango wa mtu kwa kufuli eti amechelewa kulipa.

Mzee alikubali siku hiyohiyo. Alisema, "Serikali ikitaka kunipa paa, mimi ni nani nikatae?" Kiprono alifurahi akakata nyama, tukaketi hotelini kuila. Mama Achieng' peke yake hakuonyesha furaha. Alipangusa meza, kisha akauliza:

"Hiyo nyumba mnataka kutengeneza ni ya nani?"

"Ya Mzee Sang," nikamjibu. "Si unajua, mama."

"Mimi najua. Nauliza kama nyinyi mnajua."

Akaketi, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi wakati wa kazi. Akatuambia kwamba alikaa miaka mingi kwenye nyumba ya shamba la chai, mumewe akiwa mchumaji. Aliipaka rangi, akaweka simiti sakafuni, akapanda maua mlangoni. Mumewe alipoacha kazi, walipewa muda wa kufungasha vitu vyao wakatoka. "Mtu mwingine akaingia kwa simiti yangu," alisema. "Na hakuna mtu alinikosea. Nyumba haikuwa yangu, na mimi sikuuliza."

Kiprono alitabasamu. "Mama, Mzee Sang si kampuni. Mimi ni wa ukoo wake, namwita baba mdogo. Damu ni nzito kuliko maji."

"Sawa. Lakini duka likipendeza, si wewe peke yako utalipenda."

Kisha akanigeukia mimi, na hapo sauti yake ikawa kali. "Na wewe Chebet, umesoma, lakini unashangilia kama mtoto. Twende kwa mzee tupatane naye sasa, wakati paa bado linavuja. Likishapona, hatakuwa na haja ya kutusikiliza."

Kukaripiwa mbele ya watu hakukunipendeza, lakini kesho yake nilifuatana naye. Kiprono alikataa kuja. Alisema ni kukosa heshima.

Mke wa Mzee Sang alitumiminia chai. Mama Achieng' hakuzungukazunguka. Alisema tunaomba maandishi kwamba paa jipya likishawekwa, kodi itabaki ilivyo kwa miaka mitano, na hakuna atakayetolewa bila kosa, hata jengo likipata mwenyewe mwingine.

Mzee aliweka kikombe chini. "Kwa hivyo hamniamini."

"Wewe tunakuamini, Mzee. Watoto wako ndio hatuwajui."

"Unaniambia nitakufa."

"Sote tutakufa. Hata mimi."

Mzee aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe wake, hakurudi. Tuliteremka kilima bila kuagwa. Njiani nilimwambia Mama Achieng' kwamba ametuharibia, kwamba muda wa kupeleka maombi unakwisha na sasa mzee hatatia sahihi kabisa. Hakukasirika. "Heri lawama kuliko fedheha," alisema, akaendelea kutembea.

Wiki haijaisha, Mzee Sang alikuja hotelini mwenyewe, akaagiza chai. Alikunywa nusu kikombe kabla ya kusema.

"Nilimpigia simu kijana wangu wa kwanza, yule wa Nakuru. Nikamuuliza atafanya nini na hii ploti siku ikiwa yake. Hakufikiria hata kidogo. Alisema atatafuta wapangaji wakubwa." Akamtazama Mama Achieng'. "Andikeni. Mimi nitatia sahihi, na huyo kijana nitamwita naye atie, tukiwa mbele ya chifu."

Ikawa hivyo. Kiprono aliitwa, mzee mwenyewe akamsihi atie sahihi pamoja nasi. Alikataa kwa upole. "Siwezi kumwekea baba karatasi," alisema. Aliamini kwamba anampa mzee heshima, na sidhani alikuwa na nia nyingine.

Maombi yetu ya ruzuku yalikubaliwa. Siku za ujenzi hakuna aliyefanya kazi kumshinda Kiprono. Alibeba mawe, akachanganya simiti, akapanda juu kumshikia fundi mabati. Soko likatuona. Msimu wa bonasi ya chai, wakulima wakiwa na pesa mkononi, wateja walijaa hata barazani, na buchari ya Kiprono ilikuwa na foleni kutoka asubuhi.

Miaka miwili baadaye Mzee Sang alifariki. Kijana wake alikuja baada ya mazishi. Nikuambie kweli, hakuwa mtu mbaya. Alitusalimia vizuri, akasoma mkataba wetu, akasema ataufuata, na aliufuata. Chumba cha katikati hakikuwa na mkataba. Hospitali iko karibu, na mtu wa duka la dawa alikuwa tayari kukilipia zaidi. Kiprono alikwenda kwa chifu, akaeleza habari za ukoo na za mawe aliyobeba. Chifu alimsikiliza mpaka mwisho, lakini hakuwa na cha kumsaidia nacho.

Nilimwona akitoa kulabu zake za nyama, moja baada ya nyingine, kwenye ukuta aliousugua yeye kabla haujapakwa rangi. Mtoto wa mzee alisimama nje akingoja funguo. Nilitaka kumwambia Kiprono kwamba alionywa. Mama Achieng' alinishika mkono. "Aliyeanguka haelezwi shimo," alinong'ona, akaenda kumwekea chai. Kiprono aliinywa akiwa amesimama. Baadaye alihamia Sigowet akaanza upya, na ilimchukua muda mrefu kuinuka.

Sasa kaunti imetangaza tena, nami nimeona macho yenu vijana yanavyong'aa. Mwanangu, ruzuku ichukue. Si aibu, ni jasho letu linalorudi. Lakini kabla hujabeba jiwe la kwanza, uliza ukuta ni wa nani na atakayeurithi ni nani. Patana na mwenyewe wakati yeye anakuhitaji kama unavyomhitaji. Mgeni utajihadhari naye bila kuambiwa. Kwa ndugu na rafiki ndipo mdomo huwa mzito, na kwa hiyo hao ndio wa kuandikiana nao kwanza, ili udugu ubaki udugu. Na anayekuuliza jambo gumu mapema, usimwone adui.

Mungu akubariki katika kazi ya mikono yako. Akukutanishe na watu wanaosema kweli uso kwa uso, na wewe uwe mmoja wao. Na unachokijenga, akujalie ukae ndani yake.