Ramani Niliyoibandika Ukutani kwa Uji

Anayesema karatasi haipigi mtu hakuishi Mutuini wakati wa Hali ya Hatari. Mimi karatasi ilinivunja mkono, na mkono ulikuwa afadhali.

Nilikuwa dobi huko Karen kwa mzungu mzee aliyekuwa mpima ardhi ujanani mwake. Alipofunga mizigo arudi kwao, alitupa makaratasi yake kwenye shimo la taka, nami nikayabeba. Nyumba zetu zilikuwa zimechomwa na askari wa mkoloni, tukasukumwa wote kwenye kijiji kilichozungushiwa handaki, na kibanda changu kilipitisha upepo kila upande. Nikapika uji mzito, nikayabandika ukutani kama kila mtu alivyobandika magazeti.

Mume wangu alikuwa kizuizini. Siku waliyomchukua, wakimpiga mateke hadi kwenye lori, aligeuka akanitazama tumbo. "Shamba lisiende," akasema. "Huyo atalima wapi?"

Na shamba lilikuwa linakwenda. Jirani yetu alikuwa homgadi wa serikali, bunduki begani, na kila mvua mpaka wake ulisogea kwetu. Kwetu mpaka haukuwa waya. Ulikuwa maua ya itoka, yanayopandwa baada ya kuchinjwa kondoo, na tulilelewa tukijua kwamba atakayeyaharibu atakufa yeye na kizazi chake. Sasa yule mwizi, aliyeogopa laana kuliko alivyomwogopa Mungu, hakuyatupa. Aliyachimbua moja moja pamoja na udongo wake, akayapanda upya katikati ya shamba letu, akayamwagilia maji! Yakashika. Ukitazama, ungeapa yalipandwa na mababu.

Mchana mmoja tulifungiwa vibandani na amri ya kutotoka. Nikakaa nikisoma ukuta, maana misheni walinifunza kusoma. Mara kwenye karatasi moja, ramani, nikaona jina la mto wetu, limeandikwa ovyo, lakini kona za mto zile zile. "Mama!" nikamwita mama mkwe. "Njoo uone!"

Hakujua kusoma, ila kidole chake kilitembea juu ya karatasi bila kuuliza mtu. "Haya ni mawe ya kuvukia. Hii njia ndiyo niliyopitia nikiletwa kuolewa. Mpaka ulifuata njia hii." Akagusa vinukta viwili. "Hili boma letu. Na hiki kidogo, ndani ya shamba letu, ni kibanda cha baba yake huyo homgadi. Walikuja na njaa tukawapa mahali pa kulima." Akatema mate chini. Kumbe! Fadhila ya punda ni mateke.

Wazee wa kamati ya ardhi ya serikali walikuwa wanakuja kupima na kuandika mashamba, na shamba likishaandikwa halibadiliki tena. Basi tuliporuhusiwa kwenda kulima, nilibandua ile ramani, nikaanzia kwenye mawe ya mtoni, nikaifuata njia ya zamani iliyokwisha kumezwa na nyasi. Mimba ilikuwa kubwa, pumzi zinanikatika. Nikayachimbua yale maua na udongo wake, nikayarudisha yalikotoka.

Homgadi alinikuta kwenye shina la mwisho. Kitako cha bunduki kilinivunja mkono kwanza, kisha kikashuka tumboni. Nilimwuma mguu mpaka nikaonja damu yake, na nilifurahi, sitasema uongo. Akanipiga tena. Mama mkwe alijitupa juu yangu, naye akavunjwa meno. Mtoto alitoka jua likiwa bado juu. Wa kiume. Hakulia.

Siku ya kamati nilikuja mkono umefungwa kwenye leso, maziwa yananichuruzika bila wa kuyanyonya. Homgadi akapiga kelele kwamba nimehamisha mpaka. Mzee mmoja wa kamati akachota udongo wa kuapia. "Uweke ulimini," akamwambia, "useme maua yalikuwa pale ulipoyataka tangu zamani za baba yako." Lile jitu la bunduki likatazama udongo, likarudi nyuma. Mzungu wa serikali aliyekuja na kamati akaikunjua ramani yangu, akakwangua uji kwa ukucha, akapima toka mawe ya mtoni. Shamba likaandikwa jina la mume wangu.

Ungedhani watu wangenipa heshima. Kisimani wanawake walinipisha njia kwa woga. Nimeng'oa itoka, walinong'ona, na laana imekula mtoto. Laana! Homgadi aliyeyang'oa kabla yangu alikuwa na wana watano, wanene, wanacheza.

Mume wangu aliachiliwa amekonda, hana meno ya mbele. Alilizunguka shamba lote, akachukua udongo akaunusa, akalia. Nikalia naye. Nikadhani sasa tutamlilia mtoto pamoja.

Akafuta machozi. "Kweli uliyang'oa maua kwa mkono wako?" akauliza. "Hukujua una mwanangu tumboni?"

Nilimpiga kofi kwa mkono uliobaki mzima.