Siku Nilipompaka Mjusi Mawese

Mume wangu alikuwa fundi mitambo melini, na kwa miaka yote ya kazi yake nilikuwa namwomba Mungu amnyamazishe kidogo. Akirudi safari anaingia mlangoni maneno yameshamtangulia: nani kapanga mizigo vibaya, bandari gani wanauza wali mbichi, injini imekohoa wapi na yeye kaifanyaje ikaacha. Kisha akastaafu. Akarudi kwetu Ujiji na sanduku moja la nguo, akakaa kwenye kiti cha barazani, na maneno yakaisha.

Hakuwa anaumwa. Alikula, aliswali, aliitikia salamu. Lakini ukimuuliza jambo anakujibu ndiyo au hapana, macho yake yako ziwani. Mimi ni mwanamke wa sokoni, nauza mawese, mdomo wangu hauna breki, na nyumba iliyonyamaza inanitisha kuliko nyumba iliyoingiliwa na mwizi. Niliwaita ndugu zake waje wamchangamshe. Wakaja, wakala, wakaondoka, naye kasema ahsanteni. Nilimpikia samaki wa migebuka mpaka nikachoka kuitazama. Mwaka ukakatika hivyo, nikaanza kuogopa kimoyomoyo kwamba nitazeeka na kiti kilichovishwa kanzu.

Aliyemtoa kwenye kile kiti ni mjusi.

Tulikuwa tunabadilisha bati za jikoni. Mafundi waling'oa bati la mwisho, akadondoka mjusi kafiri mdogo, pamoja na mkia wake wote hazidi kidole changu cha kati, akatua juu ya goti la mume wangu. Badala ya kukimbia akabaki pale anatikisa kichwa juu chini, juu chini, wanavyofanya wale. Mume wangu akamtazama muda mrefu. Halafu akasema, "Huyu ananikubalia, na bado sijasema kitu," akacheka. Alicheka kwa sauti, mafundi wote wakageuka. Mimi nilikuwa na sufuria mkononi, nikaiweka chini taratibu nisije nikamkatisha.

Sasa, mimi nimekulia Ujiji, najua mjusi kafiri kwetu anahesabiwaje. Utotoni tulimkimbiza kwa mawe kila jioni tukitoka madrasa, kwa kuwa tuliambiwa ukimuua unapata thawabu. Thawabu zangu za utotoni karibu zote zinatokana na mijusi. Jirani yangu muuza dagaa alipopata habari alikuja kusimama dirishani. "Dada, mnafuga kafiri humo ndani?" Nikamjibu kwamba mwenye nyumba kapenda, na angalau huyu hasengenyi mtu. Alininunia siku mbili.

Mume wangu akalichukua kabati langu la vioo nililokuwa nikiuzia maandazi zamani, lile lenye taa ndani ya kuyaweka ya moto. Akamwaga mchanga wa ufukweni, akaweka jiwe, akawasha taa. Kila asubuhi akawa anashuka kwenye michikichi kutafuta panzi, mzee mzima, anainama na kofia mkononi. Na maneno yakarudi. Kwanza aliongea na mjusi. Baadaye akaongea na mimi habari za mjusi. Mwisho akaanza kuongea na mimi habari za watu. Wivu nilikuwa nao, niseme tu ukweli. Mjusi anaulizwa umelalaje, mimi sijaulizwa hata chai nimekunywa. Lakini nilikuwa na furaha mpaka sokoni wateja wakawa wananiuliza kama kuna mtoto wangu anaoa.

Ikaja harusi ya mtoto wa ndugu yake huko Kasulu. Zamani angesema hapana. Safari hii akafunga begi mwenyewe, siku tano, akanisimamisha mbele ya kabati.

"Mama watoto, panzi wawili asubuhi, wawili mchana. Taa usiisahau. Na usimsumbuesumbue."

"Mimi ni mtu wa kusumbua?"

Alicheka tu, akapanda bodaboda kwenda kituo cha mabasi.

Siku ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Siku ya pili nikafungua kabati nikakuta mjusi kabadilika. Ule weusi wake mzuri wenye madoa umepauka wote, kawa wa kijivu, mgongoni ngozi imeinuka inataka kubanduka kama chokaa kwenye ukuta wa zamani. Macho yamevimba. Panzi anampitia mbele ya pua, yeye hana habari. Kisha akaanza kujisugua ubavu kwenye jiwe, anajisugua kama mtoto mwenye surua.

Nilikaa chini. Kitu kimoja tu kilinijia kichwani: huyu akifa, mume wangu anarudi kwenye kiti, na mara hii hatoki.

Ningetulia siku moja, yasingetokea yaliyotokea. Lakini mimi na kutulia wapi na wapi. Isitoshe ngozi naijua. Kwetu hapa mtoto akitoka upele ni mawese, akiungua ni mawese, akipauka midomo wakati wa kiangazi ni mawese. Wanangu sita wamepita kwenye mikono hii wanang'aa kama vitasa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulazwa kwa ajili ya ngozi. Nikaenda kwenye pipa langu, nikachota yale mazuri ya juu ambayo huwa siwauzii watu nisiowapenda. Nikachovya pamba. Nikampaka mjusi kuanzia kichwani hadi ncha ya mkia, tumboni, kwapani, katikati ya vidole, na bismillah nikasoma.

Akawa mwekundu mzima. Alipendeza, sitaki kudanganya. Nikamrudisha kabatini, nikaenda zangu sokoni natembea kwa maringo, daktari wa mijusi.

Niliporudi mchana alikuwa amevaa mchanga wote wa kabati. Kila chembe imemganda. Anajaribu kupanda jiwe anateleza, anapanda tena anateleza, na nyuma yake msafara wa sisimizi umetoka dirishani umeingia kwenye kabati, wamesikia harufu. Nikawafukuza sisimizi, nikamtoa. Sasa mafuta yakizidi kwenye chombo mama zetu walitufundisha nini? Unga wa muhogo. Unanyunyiza, unanyonya mafuta, unapangusa. Nikamnyunyizia mjusi unga wa muhogo.

Haukutoka. Uliganda juu ya mchanga, mchanga juu ya mawese, mawese juu ya ngozi iliyokufa. Nikasimama na ungo mkononi, mwenyewe nikaanza kucheka, nikacheka hadi kanga ikanidondoka, na machozi yakanitoka, na katikati ya kicheko nikagundua kwamba nalia kweli.

Asubuhi ya tatu nikamweka kwenye chombo cha plastiki chenye matundu, nikakodi bodaboda hadi Gungu, kwa bwana mifugo mmoja anayetibu wanyama nyumbani kwake. Dereva akauliza nimebeba nini nakipakata vile. Nikamwambia mgonjwa. Akaendesha polepole njia nzima, maskini, anakwepa kila shimo.

Nilikuta foleni: mbuzi anayeumwa tumbo, kuku watano wenye mafua, na mbwa. Watu wakawa wananyoosha shingo wajue mimi nina nini. Nikafunika na mtandio. Zamu yangu ilipofika bwana mifugo, kijana mwenye heshima zake, akanipa kiti.

"Shikamoo mama. Tuna mnyama gani?"

"Marahaba, baba. Nitakuonyesha, ila kwanza uniahidi hutacheka."

Akaahidi. Akafungua kifuniko, akaangalia. Akakifunga. Akakifungua tena.

"Mama," akasema, "huyu tunamtibu au tunamkaanga?"

Akatoka nje kidogo. Nilimsikia huko uani anacheka, na anasema maneno ya Kiha ambayo mtu mzima hatakiwi kuyasikia. Aliporudi alikuwa amenawa uso, akawa mtu wa kazi.

Alimweka mjusi kwenye sahani ya maji ya uvuguvugu, kina cha maji hakifiki tumboni, akawa anampangusa kidogokidogo na mswaki laini wa mtoto. Unga ukatoka, mchanga ukatoka. Akachukua kioo cha kukuzia akamtazama sehemu kwa sehemu, huku akiniita nami nitazame. Akaniambia mijusi wadogo wanakua haraka, ngozi yao haikui pamoja nao, kwa hiyo wanaivua mara kwa mara, vipande vipande. Kabla ya kuivua wanapauka, macho yanavimba, hamu ya kula inapotea, na wanajisugua kwenye kitu kigumu. Ile haikuwa maradhi. Maradhi yangekuwa kidonda, au ngozi yenye unyevu na harufu mbaya, au doa la manjano linalosambaa, au vidudu vyekundu vidogo vinavyotembea kwenye mikunjo. Akamnusa mjusi. Akanipa na mimi ninuse. Alinukia jikoni kwangu.

"Angekuwa ameshamaliza jana," akasema. "Wewe umemgandishia koti lake la zamani."

Halafu akaacha kutabasamu. Akanionyesha mguu wa nyuma wa kushoto: ngozi ya zamani imejiviringa kwenye kidole kimoja kama uzi uliokazwa, na kidole kimeanza kuwa cheusi. Kwenye ncha ya mkia kulikuwa na pete nyingine kama ile. Pete hizo zikibaki zinakata damu, akasema, na sehemu ya mbele inakufa. Za mwilini zitatoka zenyewe. Hizi mbili zilowekwe mara tatu kwa siku, zisuguliwe taratibu, na zisivutwe kwa nguvu hata kidogo, kwa sababu zikivutwa zinatoka na nyama. Nikauliza kama nipake kitu. "Mama," akasema, "maji. Maji peke yake."

Nikarudi nyumbani nikafunga biashara. Sokoni nikatuma salamu kwamba nina mgonjwa, na haikuwa uongo. Nikaloweka, nikasugua, nikakausha, nikawasha taa. Jioni ile ngozi ya mgongoni ilitoka kipande kikubwa chembamba kama karatasi ya pipi, na chini yake akaonekana mjusi mpya, mweusi, madoa yanawaka, na shavuni rangi ya bluu ambayo sikuwahi kuiona. Nilimwita yule jirani yangu wa dagaa dirishani aje aone. Akaja amekunja uso, akatazama, akasema, "Subhanallah, kumbe mzuri." Lakini pete ya mkiani iligoma kutoka, na kidole kilizidi kuwa cheusi, nikajua kwamba hicho nimechelewa.

Siku ya nne, alasiri, nilikuwa nimekaa chini jikoni, mjusi yuko kwenye bakuli la supu la mume wangu, lile lake ambalo hatupakulii mtu mwingine. Namsugua mkia na namwimbia wimbo wa kumwogeshea mtoto. Nikahisi kuna mtu mlangoni. Ni yeye, begi mkononi, karudi siku moja kabla. Alisema baadaye kwamba harusi ilikuwa nzuri ila alimkumbuka mjusi. Mimi hakunitaja.

"Kuna nini?"

Ningeweza kusema namwogesha tu. Uongo mdogo wa kawaida, nimeshasema mkubwa kuliko huo. Lakini kidole kile kilikuwa wazi, cheusi tii. Nikamwambia yote. Mawese, sisimizi, unga, Gungu, pete mbili. Nilisema mfululizo nikitazama bakuli.

Aliweka begi chini. Akakaa kwenye kigoda. Akamtoa mjusi majini, akamweka kwenye kiganja, akamgeuza taratibu, akatazama mguu, akatazama mkia. Kimya. Nilikijua kile kimya, nimeishi nacho mwaka mzima. Nikasema moyoni, basi, nimemrudisha kwenye kiti mwenyewe kwa mikono yangu.

Akachukua ule mswaki niliokuwa nikimsugulia. Kwa mikono ile ya mitambo akasugua ncha ya mkia kwa kuzungusha, mara moja, mara mbili, na pete ikateleza ikatoka nzima, akaiweka juu ya goti lake. Mkia ulikuwa salama. Kidole hakikupona, kilidondoka wiki ile, na mpaka leo mjusi anatembea vizuri bila hicho kidole. Alimrudisha kabatini, akafunga kioo.

Kisha akanigeukia, akaanza.

Aliniuliza nani kanituma. Akauliza mjusi ni chapati? Akasema alijua tu, tangu anafunga begi alijua, mwanamke huyu hawezi kuona kitu kimepauka akakiacha. Akahamia kwenye unga wa muhogo, akasema melini mtu angemwaga unga juu ya mafuta kwenye injini angeteremshwa bandari ya kwanza hata kama ni Kalemie, ng'ambo huko Kongo. Akakumbuka mwaka niliompaka mtoto wetu wa tatu mawese siku ya picha ya shule. Akakumbuka kanzu zake mbili za Idi nilizozitia mawese. Akasimama ili apate nafasi ya mikono. Sauti yake ilifika barabarani, jirani yangu akajitokeza dirishani, akaona hali, akarudi ndani kwa heshima.

Nilikaa pale chini na bakuli miguuni, nafuta uso kwa pembe ya kanga ili asione nacheka, ingawa sikuwa nacheka tu. Sijawahi kugombezwa nikafurahi vile. Alipofika kwenye kanzu ya pili niliona anaanza kupungukiwa, anatafuta neno, anatazama kule barazani kulipo kiti.

Nikamwambia kwamba mjusi nilimpaka mara mbili.

Haikuwa kweli. Akavuta pumzi, akaanza upya.