Mwalimu wa Besiboli wa Kambini

Kabla vita havijamkimbiza kutoka mgodi wa Bambu, mwalimu wa besiboli wa kambi ya Bunia alikuwa mvunja mawe ya dhahabu, na mpira aliupiga kama jiwe. Alitema mate viganjani, akainua mpini wa jembe, ndio gongo lao la kupigia, juu ya kichwa, akaushusha puu! Mpira ukadidimia matopeni. “Munaona nguvu?” Siku askari wa MONUC, walinda amani wa Umoja wa Mataifa, alipoahidi gongo la kweli kwa atakayevusha mpira seng’enge, Jemima, mwanafunzi wake aliyelitamani mno, akasimama. “Weye mutoto, piga toka juu!” mwalimu akafoka. Jemima akazungusha kiuno, akapiga toka ubavuni. Mpira ukapaa ng’ambo. Askari akatoa gongo. Mwalimu akalidaka yeye. “Merci, chef. Ndiyo vile ninawafundishaka.”