Shemeji Aliyekaa Mtamboni

Huku kwetu milimani Minangkabau nyumba ni ya wanawake na shamba la mpunga ni la wanawake. Mwanamume akioa anahamia kwa mkewe na begi lake, naye anabaki mgeni. Wazee walishasema mume ni majivu juu ya kisiki, upepo ukivuma, kwisha. Wapo wanaosema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi jembe hatumpi, maana akilishika atadhani shamba ni lake.

Kwa hiyo sikumchukia Zulfadri kwa ugeni wake. Nilimchukia kwa sababu alirudi. Tulimtoa kijiji cha ng'ambo ya mto awe mume wa mdogo wangu Wita, na harusi haijapoa akaenda Jakarta kutafuta riziki, kama mwanamume yeyote mwenye haya. Huko alibeba sahani kwenye mkahawa wa wali, zimepangwa kutoka kiganjani mpaka begani. Wenzake hurudi na gari, hata kama ni la kukodi. Yeye mkahawa wake ulifungwa, akarudi na basi, mkono wa kushoto umejaa makovu ya mchuzi wa moto na unatetemeka hata akishika kikombe. Akaketi sebuleni kwetu akingoja chakula.

"Shemeji," nikamwambia, "kama umekuja kuota mizizi, angalau nizungushie nyuzi."

Mimi ndiye mfumaji wa nyumba hii. Nafuma vitambaa vya uzi wa dhahabu, na michoro yetu anafundishwa binti aliyezaliwa ndani ya nyumba hii, basi. Bibi yangu aliniapisha: ukimfundisha mtu wa nje, macho yako yafe. Hata shangazi wa kijiji cha pili akija tunaufunika mtambo wa kufumia kwa shuka. Lakini shemeji? Nani anamfunikia shemeji mtambo? Mwanamume hakai mtamboni, hajawahi, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumlinda asione. Alikaa pembeni yangu na nyuzi zake, kimya, anatazama mikono yangu, na mimi nikamwona zuzu. Binti yangu Desri, ambaye ndiye angetakiwa kukaa pale, yuko mjini anauza simu.

Siku moja nilikwenda mazikoni, nikarudi kabla hawajanitazamia. Nikasikia ubao wa kukazia uzi unagonga. Nikadhani Wita. Nikapanda ngazi, nikamkuta Zulfadri amekaa kwenye kiti changu, amekunja miguu kama mimi, na anafuma.

"Toka hapo."

"Samahani, dada. Nimalizie mstari huu, nikiuacha utalegea."

Nimetukanwa na watu wengi maishani, lakini hakuna tusi lililonikaa kooni kama lile. Nilimvuta shati. Hakuinuka mpaka mstari ulipokwisha. Kisha akasimama akanionyesha mikono yake, kama mtoto anayeonyesha amenawa.

"Tazama, dada. Mkono hautetemeki. Miaka yote nimebeba vyakula vya watu nikijua mimi si chochote. Nikikaa hapa, najua mikono hii iliumbwa kwa nini."

"Iliumbwa kula wali wetu," nikasema. "Na sasa imeiba."

Nikamwita mjomba. Mjomba Bahrudin ni kaka wa mama yetu, naye baada ya mavuno angevikwa cheo cha mkuu wa ukoo. Siku ya karamu ya kuvikwa cheo wanawake wa nyumba hutangulia barabarani na vyakula vichwani, wamevaa vitambaa vya nyumba yao, na nchi nzima inasoma kwenye nguo nani ni wa wapi. Wita, mdogo wa wote, ndiye angekwenda mbele. Kile kitambaa cha mtamboni, alichokitia mkono Zulfadri, ndicho Wita angevaa.

Mjomba aliketi, akanywa kahawa yake yote, ndipo akasema.

"Kwa hiyo tumepata shemeji wa kike. Utavaa na taji la bibi harusi, au hilo bado unalitazama tu?"

Zulfadri akainamisha kichwa.

"Chagua, mwanangu. Uape humu ndani hutagusa tena mtambo wowote, wa hapa wala wa kwingine, ukae na mkeo kwa heshima. Au chukua begi."

Wita alikuwa mlangoni, amejibana na nguzo. Nilimwona Zulfadri anamtazama, na nilikuwa na uhakika ataapa. Nani anaacha mke na paa kwa ajili ya nyuzi?

"Mjomba, Wita nampenda," akasema. "Lakini mtu mliyempokea juzi kutoka kwenye basi alikuwa maiti. Nikiapa, nitamrudishia Wita yule maiti. Sitaapa."

Akachukua begi. Akufukuzaye hakwambii toka, ndivyo wasemavyo. Sisi tulimwambia, tena kwa sauti. Mjomba akanigeukia: "Na wewe, fumua alichofuma yule, umalizie kwa mkono wako. Sitaki mkono wa ng'ambo ya mto mbele ya karamu yangu." Nikamjibu hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Zulfadri kwa mama yake hakuwa na pa kulala, maana kwetu mwanamume mzima hana chumba kwa mama yake. Akaenda msikiti mdogo wa kando ya mto, wanakolala wavulana na wanaume walioachana na wake zao. Hapo nje, chini ya kibanda cha kuni, akajiundia mtambo wa mbao za mpopoo na vyuma vya baiskeli. Vijana wa sokoni walipata mchezo.

"Fundi, nifumie sidiria, mke wangu ana kifua kipana!"

"Mlete nimpime," akajibu bila kuinua macho, wakacheka, na kesho wakarudi kumtukana tena. Mtu mmoja alimkatia nyuzi alipokwenda kusali. Alizifunga upya, uzi kwa uzi. Michoro yetu hakuigusa, mjomba alishamtumia salamu kwamba akithubutu atatozwa faini ya nyati wa kufugwa. Alifuma mchoro wake, visahani vidogo vya dhahabu vinavyopanda kimoja juu ya kingine, kama kwenye mkono wa mhudumu. Kwetu michoro ni machipukizi ya mianzi na bata wanaorudi nyumbani. Sahani! Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma.

Na Wita alimpelekea wali. Kwetu mume ndiye anayekwenda kwa mke. Mdogo wangu aliteremka mchana kweupe na chungu kichwani kwenda kumtembelea mume, nami nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii mdogo wake. Kesho yake akateremka tena.

Mimi nikakaa mtamboni kufumua. Nilijua kipande chake ni shibiri moja. Nikakitafuta. Nikageuza kitambaa upande wa nyuma, nikakipeleka dirishani, nikakipapasa kwa vidole macho nimefumba. Sikuona nilipoishia mimi wala alipoanzia yeye. Mavuno yakafika, kitambaa kikiwa bado vilevile. Nikameza mate machungu, nikateremka mpaka msikitini.

"Njoo unionyeshe kipande chako, nikifumue."

Akaja. Akasimama mbele ya mtambo wangu, akapitisha kidole taratibu, na pahali fulani kidole kikasita. Nilikiona kikisita. Kisha kikaendelea.

"Hata mimi sijui, dada," akasema.

Mwongo mkubwa. Anajua. Aliondoka, na mpaka leo sijui kama alinihurumia au alinikomoa, na vyote viwili namchukia kwavyo.

Kitambaa sikukimaliza. Sikuweza kumvika mdogo wangu mkono wa yule mtu. Siku ya karamu nikamwambia Wita avae kitambaa cha marehemu mama, hata kama kimefubaa. Ngoma zikaanza, mlango wa chumba chake ukafunguka, akatoka amevaa sahani. Dhahabu kutoka kiunoni mpaka miguuni.

"Vua," nikamwambia. "Watu watasoma nini?"

"Watasoma mimi ni mke wa nani."

"Utaitia aibu nyumba, Wita."

"Nyumba haikunifumia nguo, dada. Nilingoja."

Akanyanyua sinia la chakula, akalitia kichwani, akatangulia. Mjomba alikunja uso, lakini ngoma hazirudishwi nyuma, na sisi wote tukamfuata Wita, mimi nikiwa nyuma yake, macho yangu yakitazama zile sahani njia nzima. Usiku huo Wita hakulala kwetu.

Kitambaa changu bado kiko mtamboni. Desri hatarudi, hilo ameshaniambia. Asubuhi nakaa, nakunja miguu, nashika ubao, na mkono unaanza kutetemeka kabla sijagusa uzi, maana sijui kama naendeleza kazi yangu au yake.